Nilisema Nitawaletea Farasi. Hii Hapa Hesabu ya Pesa Zenu



Najua wengi wenu mmefika hapa mkitafuta video yangu nikiingia soko la Masii juu ya farasi. Haipo. Farasi mwenyewe hayupo. Kabla hujaniandikia matusi, naomba usome hadi chini, kwa sababu humu ndani kuna pesa zenu na nimeamua kuzitolea hesabu mbele ya watu wote. Ukimaliza na uone bado nastahili matusi, sawa, tukana. Nitasoma.

Mambo yalianza mwezi wa 7 kama mzaha. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, watu wa boda wananiita "customer, customer," nikageuza simu na kusema: "Mwaka huu hauishi kabla sijaingia sokoni nikiwa juu ya farasi. Si boda, si Probox. Farasi." Nilitegemea kucheka na wale watu wangu mia mbili wa kila siku. Asubuhi nikaamka simu inaganda kwa jumbe. Mmoja akaandika, "Weka namba tuchange." Nikaweka. Hapo ndipo mzaha uliishia, ila mimi sikujua.

Mlituma watu 143. Jumla ni KSh 27,650. Aliyetuma kidogo kabisa alituma bob 20, aliyetuma nyingi alituma 2,000 na kuandika, "Hii ni ya kwato moja." Mimi nilikuwa na akiba ya 58,000, pesa za miaka miwili za matangazo madogo madogo na za kuuza nguo za watoto siku za soko. Jumlisha, unapata 85,650. Shikilia hiyo namba.

Kwa wale hamjui kwetu: ukitoka Machakos mjini na kushika barabara ya Kitui, Masii iko mbele kabla hujafika Wamunyu kwa wachongaji wa vinyago. Ni mji wa soko na vumbi jekundu. Wanyama tulio nao ni ng'ombe, mbuzi, kuku na punda. Farasi nilimwona kwa macho yangu nikiwa darasa la 6, ziara ya shule Nairobi, amebebwa polisi mgongoni. Alikuwa mrefu hadi nikaona viatu vya yule polisi vikiwa usawa wa kichwa changu. Watoto wenzangu walikimbilia basi. Mimi nilibaki nikimwangalia hadi mwalimu akaja kunivuta sikio. Kwa hivyo mzaha wa mwezi wa 7 haukuwa mzaha wote.

Sasa tuje kwa matangazo. Kama hujawahi kutafuta farasi wa kuuzwa mtandaoni hapa Kenya, jaribu usiku mmoja ukikosa usingizi. Utampata katikati ya Probox ya 2012 na kochi la watu saba, na tangazo lake limeandikwa kwa lugha ile ile ya kochi. Yuko safi, hana shida, bei inaongeleka, wanunuzi wa ukweli pekee. Nilisoma labda matangazo thelathini ndani ya wiki tatu, yakaanza kunikaa kichwani kama wimbo wa matatu. Kila farasi ni mpole na anapandwa hata na watoto. Kila farasi ana miaka 7 au 8, hakuna hata mmoja ana 14. Na kila mwenye kuuza anauza kwa sababu anahama. Wasee, nchi nzima inahama.

La kwanza nililolifuata, nyuma ya farasi kulikuwa na milima yenye theluji na nyumba za mbao. Mwenye tangazo alisema yuko Naivasha. Nilijua. Naapa mbele yenu nilijua, lakini farasi alikuwa mweupe na mimi nilikuwa nimeshaona video yote kichwani. Akaniambia kuna mtu wa Nakuru anakuja kesho yake asubuhi, nitume 3,500 ya kumshika. Nikatuma saa kumi. Kufika saa moja jioni namba haipatikani. Hiyo pesa nimeitoa kwenye akiba yangu, si yenu, kwa hivyo sasa tuna 82,150. Cheka tu. Binamu yangu alicheka siku nne.

Baada ya hapo nikaandika hapa nikiomba mtu anayejua farasi kweli. Msichana mmoja kati yenu akanijibu: "Baba yangu ni saisi. Kabla hujaibiwa tena, mpigie." Saisi, kama neno ni geni kwako, ni yule mtu anayemlisha farasi, anamwosha, anamtembeza asubuhi na kulala karibu naye akiumwa tumbo. Huyu mzee amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30, mingi yake na farasi wa mbio.

Na hapa niseme kitu. Nimechoka na wale mnaoniandikia ati farasi ni mambo ya wazungu wa Karen. Nenda mbio za Ngong Road Jumapili uangalie vizuri nani ameshika hatamu, nani anachota maji, nani anajua huyu farasi hataki kuguswa sikio la kushoto. Mbio za farasi zipo nchi hii tangu 1904, na uwanja ule wa Ngong tangu 1954. Miaka yote hiyo ni Waafrika wamekuwa wakiwalisha na kuwatibu. Ujuzi ni wetu. Kile ambacho hatukuwa nacho ni karatasi za umiliki, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Mzee wa saisi alinifundisha kwa simu kabla hata hatujaonana. Swali la kwanza aliloniuliza lilinishangaza. Hakuuliza nina pesa ngapi. Aliuliza, "Unafikiri farasi wa kuuzwa anatoka wapi?"

Nikasema kwa mtu anayehama. Akacheka hadi akakohoa.

Akanieleza hivi. Farasi wa mbio anaanza kukimbia akiwa na miaka 2 au 3. Wengi wanamaliza kazi hiyo kabla hawajafika 10, wengine mapema zaidi mguu ukikataa. Lakini farasi akitunzwa anaishi miaka 25, hata 30. Hesabu mwenyewe. Kuna miaka 15 na zaidi ambayo lazima mtu fulani amlishe mnyama ambaye haleti tena zawadi. Wenye bahati wanaenda polo, au shule za kufundishia watu kupanda, au wanabaki kwa mtu mwenye shamba na roho nzuri. Wengine wanauzwa, halafu wanauzwa tena. Leo anabeba watoto wa kupigwa picha kwenye bustani siku ya sikukuu, kesho kwa mtu wa harusi, kesho kutwa kwa mtu aliyemwona kwenye simu. Kila anapouzwa bei inashuka, na kila tangazo jipya linampunguzia miaka. "Hiyo ni ngazi," mzee akasema. "Ya kushuka. Wewe unataka kuwa ngazi ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nimepata tangazo zuri upande wa Ngong, farasi wa kahawia, ana mstari mweupe puani, miaka 8, KSh 85,000. Akasema twende, lakini tusimwambie muuzaji saa tutakayofika.

Nilitoka Masii saa kumi na moja alfajiri. Nauli ya siku hiyo, ya kwangu na ya mzee, pamoja na chakula, ni 2,900, na hiyo pia imetoka mfukoni mwangu. Tukafika kabla ya saa nne, muuzaji bado yuko na kikombe cha chai mkononi, hakufurahi. Kijana wa rika langu hivi, kofia nzuri, maneno mengi. Akaniita madam. Farasi akamwita Champion.

Sitaki kujifanya. Nilipomwona nilitaka kulia. Picha haikuwa imedanganya kuhusu uzuri. Alikuja hadi kwenye ua, akashusha kichwa, akanipulizia pumzi ya moto shingoni, na ile harufu, jasho na nyasi na kitu kama mkate, nikasahau pesa, nikasahau nyinyi wote. Kama ningekuwa peke yangu ningelipa hapo hapo. Nasema hivi ili ukienda usiende peke yako.

Mzee hakumwangalia usoni. Alianza chini. Akapitisha mkono kila mguu kutoka goti hadi kwato, pole pole, kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Mguu wa mbele wa kulia akarudia mara tatu. Akanishika mkono akauweka pale nyuma, kwenye mshipa ule mnene, halafu akauweka kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa moto. Hata mimi, mtu wa mbuzi, nilisikia tofauti.

Kisha akamwambia muuzaji amtembeze kwenye barabara ngumu, si kwenye nyasi, aende moja kwa moja na kurudi, halafu akimbie kidogo. Akaniambia nifunge macho nisikilize. Kwato nne, farasi akikimbia taratibu, unasikia mapigo yamepangana. Huyu kulikuwa na pigo moja linaloogopa. "Sasa fungua, angalia kichwa." Kila mguu wa kulia ulipogusa chini, kichwa kilipanda juu kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba lakini hataki wageni wajue. Kidogo sana. Kwenye video usingeona.

Halafu meno. Mzee akaingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo, pale ambapo farasi hana meno, mdomo ukafunguka, akaniita. Kwenye jino la juu la pembeni la mbele kuna mfereji mdogo wa rangi ya chai. Huo mfereji unaanza kuonekana farasi akifika karibu miaka 10, unashuka pole pole, ukifika katikati ya jino ana kama 15, ukifika chini kabisa ana 20. Si saa ya ukutani, mzee alisema, unaweza kukosea mwaka mmoja au miwili. Wa huyu ulikuwa umepita katikati.

"Mzee," akamwambia farasi, si mimi. "Mzee mwenzangu." Kuanzia hapo hakumwita Champion tena.

Nikamuuliza muuzaji kuhusu zile miaka 8. Akasema ndivyo alivyoambiwa na yeye alipomnunua. Na unajua nini, nilimwamini. Yeye pia alikuwa ngazi tu.

Bei ikaanza kushuka. 85 ikawa 75. Mzee hajasema kitu, ikawa 65. Nikasema wacha nifikirie, ikawa 50, na lori la kumfikisha hadi Masii tungegawana. Nilikuwa na 50. Nilikuwa na zaidi ya 50. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu mwingine ameshampa 40, na huyo haulizi meno, haulizi mguu, anauliza kilo.

Kama unatoka Ukambani unajua kwa nini hilo neno lilinikaa kooni.

Nirudi nyuma kidogo. Susu yangu, ambaye ndiye ninaishi naye, alikuwa na punda. Ing'oi wa kike, mwenye sikio lililokatika ncha. Kila asubuhi alibeba mitungi minne ya lita 20 kutoka visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mto. Mwaka wa 2017 tuliamka tukapata kamba imekatwa kwa kisu. Miaka hiyo serikali iliruhusu vichinjio vinne vya punda nchini, Baringo, Naivasha, Turkana na hapa hapa kaunti yetu ya Machakos. Ngozi zilikuwa zinaenda China kuchemshwa zitoe dawa inayoitwa ejiao. Ripoti ya KALRO, wale watafiti wa kilimo na mifugo wa serikali, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018. Wizi ukawa kila kijiji. Februari 2020 waziri wa kilimo akapiga marufuku, Mei 2021 korti ikaondoa marufuku, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana bara zima lisimamishe biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Mambo makubwa hayo, mikutano na mawaziri. Kwetu ilikuwa kamba moja iliyokatwa. Susu alikuwa amemnunua 7,000, na alipotaka kununua mwingine akaambiwa 16,000. Hakununua. Alirudi kwa mukwa, ile kamba ya kupitisha kwenye paji la uso, mtungi mgongoni.

Kwa hivyo niliposikia "kilo" nilisema moyoni, huyu namnunua. Haijalishi mguu. Namwokoa. Na nitakuwa mkweli kabisa, ndani ya sekunde hiyo hiyo nilishaona kichwa cha video: "NIMEMUOKOA FARASI." Nilishachagua na picha ya mbele. Machozi yangu ya kweli na kichwa cha video vilikuja pamoja, siwezi kuvitenganisha hata leo.

Nikampigia susu nimpe habari. Nilikuwa nimemficha mambo mengi, lakini alikuwa anajua. Masii hakuna siri. Nikamwambia nimepata mbalasi, ni mzee, anaumwa mguu, nisipomchukua atachinjwa. Alinyamaza kidogo. Nikajua anafikiria ing'oi wake.

Akauliza, "Mwana wakwa, anakunywa maji kiasi gani?"

Nikamuuliza mzee wa saisi. Akasema farasi wa ukubwa huo, siku ya kawaida, lita 30, 40. Joto la huko kwenu, weka 50.

Nikamwambia susu, "Mitungi miwili. Siku nyingine miwili na nusu."

"Na wewe uko Nairobi siku ngapi kwa wiki?"

Tatu. Wiki nyingine nne.

Hakusema kitu tena. Hakunikataza. Akasema tu mbuzi wanalia, akakata simu.

Wasee, nilikaa chini ya mti pale Ngong na simu mkononi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bei, ya lori, ya tandiko la mtumba. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nani atashika kamera. Kwenye hesabu zangu zote maji yalikuwa yanatokea yenyewe. Kumbe yalikuwa yanatoka mgongoni mwa mama wa miaka 71. Farasi wangu, umaarufu wangu, uokoaji wangu, na yeye ndiye angebeba mitungi miwili ya ziada kupanda ule mlima kila siku, na angebeba, kwa sababu hawezi kuona mnyama ana kiu. Alijua angebeba. Ndiyo maana aliuliza.

Mzee akaja akaketi karibu nami, akanisaidia kumaliza hesabu nyingine. Niwape haraka haraka, kwa sababu kuna wengine wenu bado mnataka farasi na sitaki kuwazuia. Anakula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota moja lina kama kilo 15, na wakati wa kiangazi kwetu tunauziwa 350. Hapo ni marobota 20 kwa mwezi, 7,000, bila nafaka. Kwato zinakatwa kila wiki 6 hadi 8, na fundi wa kwato hakai Masii. Dawa ya minyoo. Na ugonjwa. Kuna homa ya farasi ya Afrika, inaletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni, hasa baada ya mvua. Farasi ambaye hajachanjwa anaweza kuwa mzima asubuhi na kufa kesho yake akitoka povu puani. Chanjo ipo, kila mwaka lazima. Punda akiumwa na usubi huo huo, mara nyingi hata haugui. Pundamilia naye ni hivyo hivyo. Hapo ndipo nilielewa kwa nini babu zetu walikuwa na punda na hawakuwa na farasi. Si ushamba.

Kwa hivyo mwezi mmoja wa farasi aliyesimama tu, hapandwi, haumwi, hauna tofauti na kodi ya nyumba ya chumba kimoja Nairobi. Ile 50,000 ndiyo ilikuwa sehemu ya bei rahisi.

Nilimwambia muuzaji siwezi. Nilitegemea atakasirika, lakini alionekana amechoka tu. Yeye pia alikuwa na deni la nyasi. Nikamuuliza kama anaweza kuwapigia KSPCA, wale wa kutetea wanyama kule Langata Road, kabla ya yule mtu wa kilo. Akasema atafikiria. Mimi mwenyewe niliwapigia nikiwa kwenye matatu, nikaeleza alipo, wakachukua maelezo. Zaidi ya hapo sikufanya. Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikufanya zaidi, na mimi najiuliza hivyo saa nane za usiku.

Tulipokuwa tunaondoka, Mzee alitufuata kando ya ua hadi ua ulipoisha. Saisi hakugeuka. Alisema ukigeuka unamfundisha kungoja.

Sasa pesa. Zile 27,650 ziko kamili, sijagusa hata bob. Nilipotangaza kwamba safari imekwama, watu 61 waliomba warudishiwe na nimewarudishia jumla 9,300, gharama ya kutuma ni yangu. Zimebaki 18,350 za watu 82. Ukitaka yako, niandikie, nitarudisha bila swali. Najua wengine wenu mmeandika, "Si umnunulie susu punda tu, video itakuwa tamu zaidi." Niliwaza hivyo hata kabla yenu. Nikamwambia. Alikuwa anachambua ndengu, hakuinua kichwa. Akasema hataki punda wa pesa za watu, kwa sababu siku punda huyo akifa itabidi awaambie watu 82 amekufa na nini. Halafu akasema, kama nataka kumsaidia na maji, mgongo wangu una miaka 23.

Basi siku nilizo nyumbani nateka mimi. Mtungi mmoja kwa mukwa, nikijitahidi. Siwezi kuvaa miwani yangu kwa sababu kamba inaisukuma. Hakuna video ya hiyo, msiulize.

Nilitaka kuishia hapo, lakini juzi usiku sikuwa na usingizi nikarudi kwenye matangazo, tabia tu. Nikapita Probox, nikapita kochi. Nikaona mstari mweupe puani. Uwanja ni mwingine, namba ya simu ni nyingine, jina amepewa lingine. Wamempiga picha akiwa amesimama kwenye nyasi ndefu, miguu haionekani. Ana miaka 7. KSh 95,000, bei inaongeleka. Mpole, anapandwa hata na watoto. Mwenyewe anahama.

Nimeandikia ile namba nikauliza mguu wa mbele wa kulia unaendeleaje. Tiki mbili za bluu. Hadi sasa naandika haya, hajajibu.